Shajara ya mradi: vumbi la mbao kwenye karakana moja ya Keko

Wiki ya 1, Jumatatu

Leo sikufungua boksi la vifaa. Nilifika saa moja asubuhi, nikapewa kigogo cha mkongo nikalie, nikashinda natazama. Karakana ni ya vitanda, makabati na milango, iko Keko, Dar es Salaam, kwenye uchochoro ambao karibu kila mlango ni wa fundi seremala. Hii yetu ina mafundi tisa, msumeno wa meza mmoja, mashine ya randa moja na mashine mbili za msasa za kushika mkononi. Juu ni bati, pande mbili ziko wazi, katikati linazunguka pangaboi kubwa.

Kazi yangu ni kupima hewa wanayovuta watu kazini, na mwenye karakana ndiye aliyenitafuta. Kuna mteja wa hoteli amemwambia hatampa oda ya vitanda mpaka aone karatasi kwamba vumbi la pale limepimwa. Nilimweleza palepale kwenye simu kwamba nikipima halafu nikaondoka na karatasi, mafundi watakuwa hawajapata kitu. Tumekubaliana tupime, turekebishe, tupime tena, na gharama za bati, feni na mabomba ziwe zake. Hakubisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamdai hivyo hivyo, lakini nadhani kilichomsukuma zaidi ni ile oda. Mimi sijali kilichomsukuma, ilimradi tumeanza.

Nilipouliza vumbi liko wapi, wote walininyooshea kidole kwenye msumeno. "Pale kaka, ukikaa dakika tano mkeo hakutambui." Ni kweli, chini ya msumeno maranda yanafika magotini. Ila maranda ni mazito, yanaruka hatua moja na kuanguka. Macho yangu yalikuwa kwa kijana wa msasa, aliyekaa karibu na mlango, mahali pasafi kuliko pote, maana ndipo wateja wanapoingilia. Sakafu yake haina hata konzi ya vumbi. Alikuwa analainisha ubao wa kichwani wa kitanda cha sita kwa sita, mbao ya mninga. Ilipofika saa sita mchana nyusi zake, kope zake na vinyweleo vya masikio vilikuwa vimegeuka rangi ya mninga. Vumbi lililokaa kwenye zile kope halikuwahi kuanguka chini. Lilikuwa linaelea mbele ya uso wake tangu asubuhi.

Jioni nikaona jingine ambalo halikuwa kwenye orodha yangu. Kuna mdogo wao, kijana wa miaka kama 19, wanamwita dogo, kazi yake kubwa ni kufagia na kujaza maranda kwenye viroba kwa ajili ya wafuga kuku. Anajaza, anaingiza mguu ndani ya kiroba, anashindilia. Kila akishindilia, hewa iliyokuwa ndani ya kiroba inatoka juu na unga wote, moja kwa moja puani. Nilihesabu viroba kumi na vinne. Baada ya hapo wakachukua mpira wa kompresa wakawa wanapulizana nguo, migongo na nywele, ndipo wakaenda zao.

Kabla ya kuondoka nilioneshwa pakiti za maziwa. Mwenye karakana hununua kila Ijumaa, ya kusafisha kifua. Ni moyo mzuri na sikutaka kumvunja. Nilimwambia tu, mzee, maziwa yanapita njia ya chakula, vumbi linapita njia ya hewa, hayakutani.

Wiki ya 1, Jumanne

Siku ya kueleza. Nimejifunza kwa kuumia kwamba ukimvalisha mtu pampu bila kumweleza, ataivua au ataining'iniza kwenye msumari na wewe utapima hewa ya ukutani. Pampu ni kiboksi cha kuvaa kiunoni, mpira mwembamba unapita mgongoni, na kwenye ukosi wa shati kunabanwa kichwa kidogo chenye filta ndani. Kichwa kile lazima kiwe ndani ya sentimita 30 kutoka puani.

Fundi wa randa alikishika, akakigeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Hii inarekodi maneno?" Nilimwelewa. Kinafanana kabisa na maiki ya watu wa televisheni, na kimeletwa na mtu aliyeitwa na bosi. Nikakifungua mbele ya wote, nikatoa filta, nikawapa waipitishe mkono kwa mkono. Duara jeupe, kipenyo milimita 25. Nikasema, hiki ndicho kinachovuta hewa pamoja na wewe leo, kinachonasa hapa ni mfano wa kinachoingia kwako. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena habari ya kurekodi.

Wazo la kuvaa pampu mwilini limekomaa: mwaka 1960 Sherwood na Greenhalgh, waliokuwa Harwell, Uingereza, kwenye kazi za nishati ya atomiki, waliandika kuhusu kifaa kidogo ambacho mfanyakazi anakibeba mwenyewe. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida mashine kukaa mezani na mtu kuzunguka. Shida ya mashine ya mezani naiona hapa hapa Keko: ningeiweka katikati ya karakana ingeniambia habari za pangaboi, isingeniambia lolote la kope za kijana wa msasa.

Wiki ya 1, Jumatano hadi Ijumaa

Siku tatu za kupima. Mbao zilikuwa mninga na mkongo, siku moja milango ya mvule. Mvule mafundi wenyewe wanauogopa, wanasema unawasha. Hawajakosea, una kemikali yake ya asili inayochokoza ngozi na mapafu.

Kila asubuhi narekebisha kila pampu ivute lita 2 kwa dakika na kichwa kikiwa kimefungwa tayari, na jioni napima tena. Ikiwa imepotoka zaidi ya asilimia 5, kipimo hakifai. Jumatano pampu ya fundi wa msumeno ilirudi ikivuta 1.7. Mkanda wa aproni ulikuwa umebana mpira. Siku nzima ya kazi imepotea, nikaandika "batili" kwenye daftari na sikutafuta namna ya kuiokoa. Alhamisi nikampitishia mpira kwapani.

Dogo nilimpima peke yake, kwa zile dakika 40 za viroba tu. Ungechanganya dakika 40 zile na siku nzima ya kutumwa dukani, zingepotea ndani ya wastani na hakuna mtu angejua kinachompata.

Wiki ya 2, Jumatatu

Maabara. Hewa ya Dar ina maji, na vumbi la mbao linanywa maji kama mkate, kwa hiyo filta hazipimwi zikitoka tu kwenye mfuko. Zilikaa saa 24 kwenye chumba kile kile zilimopimiwa kabla ya kwenda Keko, pamoja na filta tatu ambazo zilisafiri, zikafunguliwa, zikafungwa, bila kuvuta hewa. Hizi tatu ziliongezeka miligramu 0.03 kwa wastani. Huo ni unyevu na mikono yetu, tumeutoa kwenye kila hesabu.

Naandika hesabu ya Alhamisi ya kijana wa msasa, kwa sababu mwenye karakana atataka kuiona. Dakika 420 mara lita 2 ni lita 840, yaani mita ya ujazo 0.84. Filta imeongezeka miligramu 9.24. Gawanya: miligramu 11 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Na yeye hafanyi saa 8, anafanya 9, kwa hiyo ukiileta kwenye kipimo cha saa 8 inakuwa 12.4. Siku nyingine mbili zake zilitoka 8.6 na 14.3 kabla ya kurekebisha saa. Mtu yule yule, mashine ile ile, na tofauti ni kubwa namna hiyo. Ndiyo maana siku moja haitoshi kusema chochote.

Msumeno ambao kila mtu aliunyooshea kidole: 3.8 siku mbaya zaidi. Randa: 2.6. Dogo na viroba vyake: filta imeongezeka miligramu 2.16 ndani ya dakika 40. Hiyo ni 27.

Wiki ya 2, Jumanne

Nimewasomea mafundi majibu kabla ya bosi, mmoja mmoja, kila mtu ya kwake. Ni hewa yao. Kisha nikamsomea mwenye karakana.

Aliuliza swali la haki: 12.4 ni nyingi au kidogo? Nikampa rula tatu. Uingereza kwa mbao ngumu wanasema isizidi 3 kwa saa 8. Umoja wa Ulaya umeshuka hadi 2 tangu Januari 2023. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, wanaojulikana kwa herufi ACGIH, wanapendekeza 1 kwa mbao nyingi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, la vitu ambavyo hakuna ubishi kwamba vinaleta saratani kwa binadamu, mwaka 1995. Chukua rula yoyote, kijana wa msasa ameipita mara nne na zaidi.

"Saratani ya mapafu?" Hapana, mzee. Ya pua. Vumbi hili kwa sehemu kubwa ni nene, linaishia kwenye matundu ya pua, linakaa hapo. Nikamwelezea habari za High Wycombe, mji wa Uingereza uliokuwa ukiishi kwa kutengeneza viti. Daktari mmoja wa masikio, pua na koo, Esmé Hadfield, aliona saratani adimu ya ndani ya pua inamjia kutoka kwa watu wa mbao mmoja baada ya mwingine. Yeye na wenzake, akiwemo Donald Acheson, walifuatilia, na mwaka 1968 wakachapisha kwamba ugonjwa ule umebebwa na kazi ya fanicha. 

Nilipomaliza, mzee wa msumeno, ambaye yuko kwenye mbao zaidi ya miaka 30, alinifuata nje. Nikamwamkia tena, akaitikia, akanyamaza kidogo. Kisha akasema tundu la kulia limeziba tangu kabla ya Ramadhani na asubuhi akipenga hutoka na damu kidogo. La kushoto halina neno.

Mimi si daktari. Lakini kuziba upande mmoja tu, na damu, ni jambo ambalo halisubiri mradi uishe. Nimemwandikia barua ya kueleza kazi yake na miaka yake, nimemwomba mwenye karakana ampe ruhusa yenye malipo, na kesho anakwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Wiki ya 2, Alhamisi

Leo ni siku niliyoisubiri. Nilileta tochi kali, nikateremsha turubai kwenye upande ulio wazi ili pawe giza kidogo. Tochi nikaiweka nyuma ya kijana wa msasa, mwanga ukimjia kutoka nyuma, nikasimama mbele na kukinga mwanga wenyewe kwa kipande cha ubao. Nikamwomba awashe.

Mtu yeyote aliyelala chini ya bati lenye tundu anajua jua la asubuhi linavyoonesha vumbi likicheza kwenye ule mwale. Ni kitu hicho hicho. Wingu lilitoka chini ya mashine, likapanda kwenye mikono yake, likafika kifuani, likajikunja kuelekea usoni na kukaa hapo. Hakuna aliyekuwa amewahi kuliona kwa sababu kwenye mwanga wa kawaida halionekani. Kijana nilimbadilisha, akaja kusimama mahali pangu, mwenzake akashika mashine. Aliangalia muda mrefu. Akavua fulana aliyokuwa amejifunga puani, akaikunjua, akaiangalia nayo.

Kisha tukawasha pangaboi. Wingu zima likashuka, likasambaa, likafika kwa fundi wa vanishi mita nane kule. Kumbe pangaboi halikuwa linaondoa vumbi, lilikuwa linaligawa.

Mwenye karakana akasema basi atanunua barakoa za N95 boksi zima. Nimekataa iwe ndiyo suluhisho. Barakoa inafaa kwa kazi fupi, kama viroba. Kuivaa saa 9 chini ya bati la Keko, na jasho, na ndevu zinazoizuia isikae, kunageuka mzigo, na saa nne asubuhi itakuwa kidevuni. Vumbi likamatwe linapotoka.

Tukafanya na mshumaa. Nikawaambia mafundi wauzime kwa kupuliza kutoka umbali wa mkono: rahisi. Sasa uzimeni kwa kuvuta pumzi kutoka umbali ule ule. Walijaribu wote, moto haukutikisika hata kidogo. Hewa inayopulizwa inakwenda mbali, inayovutwa inatoka jirani tu. Bomba la kuvuta la inchi 6, ukilisogeza inchi 6 kutoka kwenye vumbi, nguvu iliyobaki hapo ni kama sehemu moja ya kumi. Fundi bati tuliyemwita kutoka uchochoro wa pili alikuwepo, na naamini ule mshumaa ndio uliomfundisha kazi kuliko mchoro wangu.

Wiki ya 3 na ya 4

Ujenzi. Nimeandika kidogo kwa sababu tulikuwa tunafanya.

Msasa tumeutengenezea meza ya matundu: boksi la plaiwudi, juu limetobolewa, hewa inavutwa kwenda chini, na mashine zenyewe zimeungwa mpira kwenye tundu lake la vumbi. Msumeno umepata mdomo wa kuvuta chini ya sahani na kifuniko juu yake. Kila tawi lina kizibo cha bati cha kusukuma, mashine isiyotumika inafungwa ili feni isivute hewa ya bure. Bomba kuu inchi 6. Kwa vumbi la mbao nataka kasi ya mita 20 kwa sekunde ndani ya bomba, pungufu ya hapo linaanza kulala chini na kuziba, kwa hiyo feni inatakiwa kubeba karibu mita za ujazo 1,300 kwa saa. Tumechukua feni ya mapanga yaliyonyooka.

Mabomba ya plastiki ya maji yangekuwa rahisi. Nimekataa. Vumbi likikimbia ndani ya plastiki linazalisha umeme wa msuguano, na unga wa mbao ukielea kwa wingi unashika moto kwa cheche ndogo. Tumetumia bati la mabati na waya wa kupeleka ardhini.

Fundi bati alileta kona za mraba, zimekatwa mara moja tu. Nikamwomba azirudie. Alinuna siku moja, kisha akakata kona ya vipande vitano, imejipinda taratibu kama shingo ya bata, imeungwa vizuri mpaka nikampigia picha. Sijaona kazi ya bati safi kuliko ile.

Mwisho wa bomba ni pipa la kuzungushia hewa, saikloni, linaloangusha maranda kwenye pipa la chini. Hewa inayotoka tulikuwa tumeielekeza nyuma, na nyuma kuna mama ntilie na sufuria zake. Saikloni haikamati unga mwembamba wote. Tumepandisha bomba mpaka juu ya paa, kofia imetolewa, hewa iende juu moja kwa moja. Tumepoteza siku mbili na bati tatu. Nisingeweza kumtolea vumbi kijana wa msasa na kumpelekea mama yule kwenye wali wake.

Wiki ya 5, Jumatatu

Tumewasha. Feni inanguruma, upepo upo, wote wamepiga makofi. Kisha nikaangalia mpira wa maji.

Huu ni mpira mwembamba unaoonesha ndani, umekunjwa kama herufi U kwenye ubao ukutani, una maji yenye rangi ya bluu. Ncha moja imeunganishwa kwenye bomba la meza ya msasa, nyingine iko wazi. Feni ikivuta, maji yanapanda upande mmoja. Kwa kasi ya mita 20 na mdomo wa namna hii, nilitegemea tofauti ya milimita 37 hivi. Niliona 10. Na kwa sababu tofauti hii ya maji inafuata kipeo cha pili cha kasi, 10 badala ya 37 maana yake kasi imebaki kama nusu.

Tulikagua viungo vyote kwa moshi wa udi. Tulifungua kona. Tulipima kiwango cha umeme. Saa nane mchana nikakaa chini kabisa, nimechoka, nikaitazama feni ikisimama polepole baada ya kuzimwa. Ilikuwa inazunguka kinyume. Umeme ni wa fezi tatu, na waya mbili zilibadilishana. Feni ya namna hii ikizunguka kinyume haipulizi kinyume. Inaendelea kuvuta upande ule ule, kwa unyonge, na hilo ndilo linaloweza kumdanganya mtu mwaka mzima. Fundi umeme akabadilisha waya mbili. Maji yakapanda mpaka 36.

Bila ule mpira wa maji, ambao umetugharimu bei ya soda mbili, tungeondoka tunashangilia.

Wiki ya 5, Ijumaa

Tochi tena. Wingu sasa linashuka mezani, halipandi. Ila tukiwasha pangaboi linayumba na kutoroka. Mafundi hawakubali pangaboi lizimwe na nawaunga mkono, joto la hapa si la mzaha. Tumelihamishia juu ya sehemu ya kuungia, na kijana wa msasa amepewa feni yake ndogo ya kusimama, imewekwa ubavuni. Nyuma haifai: upepo ukimpiga mtu mgongoni unajizungusha mbele ya kifua chake na kumletea vumbi usoni. Tuliliona kwa tochi, nikahamisha feni mara tatu mpaka likatulia.

Mpira wa kompresa wa kupulizana nguo umekatwa mdomo wake. Badala yake kuna mpira wa kuvuta wenye brashi, umetoka kwenye bomba kuu.

Wiki ya 6

Kupima upya, siku tatu, kwa taratibu zile zile. Kijana wa msasa kwa kipimo cha saa 8: 2.4, 1.9 na 3.1. Hiyo 3.1 nimeifuatilia. Siku ile alilainisha kingo za milango kwa mkono, mlango ukiwa umeegemezwa ukutani, mbali na meza. Meza ni fupi kwa milango. Itaongezwa upande mmoja.

Msumeno siku mbaya zaidi 1.3. Dogo: maranda mengi sasa yanaanguka yenyewe kwenye pipa lenye kiroba kilichobanwa mdomoni, hashindilii kwa mguu. Kazi imeshuka hadi dakika 15, na kipimo kimetoka 27 hadi 5.2. Kwa dakika hizo 15 anavaa N95, nimemfundisha kuikaza puani na kuikagua. Wafuga kuku wamefurahi, viroba havina misumari tena.

Sijaridhika na 2.4. Kwenye karatasi ya mteja wa hoteli nimeandika namba zote, za mwanzo na za sasa, na kazi iliyobaki. Mwenye karakana alitaka niandike "salama". Nimemwambia nitaandika kilichopimwa, akasoma, akatia saini.

Wiki ya 7

Mzee wa msumeno amerudi hospitali mara ya pili. Waliingiza kamera puani, wakachukua kipande. Majibu yametoka: nyama laini zilizoota kwa muwasho wa muda mrefu, hakuna saratani. Watazitoa, na atakaguliwa tena baada ya miezi sita. Aliniambia hayo akiwa amesimama kwenye msumeno wake, amezima mashine kwanza ili nimsikie. Nilishindwa kusema, nikamshika mkono tu.

Mafundi wote tisa watapimwa mapafu kwa mashine ya kupuliza, tarehe imepangwa. Wengi wao wanalipwa kwa kipande na hawana mkataba wa maandishi. Nimemweleza mwenye karakana habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kwamba bila jina la mtu kuwemo mahali, siku akiugua itakuwa vigumu kuthibitisha kazi yake. Hilo bado tunalisukuma.

Wiki ya 9

Nimepita bila kutoa taarifa. Pembeni ya mpira wa maji kuna mstari wa rangi nyekundu kwenye 30, chini yake msasa hauwashwi. Na kuna daftari la shule limefungwa kamba kwenye msumari, dogo ndiye anayeandika kila asubuhi. Jumatatu 35. Jumanne 35. Jumatano 34. Alhamisi ameandika 14, na mbele yake: "tumesimama, kona ya pili imeziba." Mstari wa chini, saa nne na robo, kwa mwandiko wa mtu mwingine: wametoa kipande cha kitambaa cha msasa, 35, kazi imeendelea. Nilitazama simu yangu. Siku ile ya Alhamisi hakuna aliyenipigia.